Haya Isiyokuwa Haya: Somo Juu ya Mikutano ya Saratani ya Matiti

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, katika miji yetu watu hukusanyika kutangaza khabari za saratani ya matiti. Huvaa utepe wa rangi ya waridi, hutembea barabarani, husikiliza hotuba, na pengine wauguzi hupima wanawake bila ya malipo. Mwezi huu ulianza kutengwa kwa kazi hiyo huko Marekani mwaka 1985, na utepe ule ukaenea tangu mwaka 1992. Kwa hivyo wako ndugu zetu wasemao: "Hayo ni mambo ya kigeni, na kutaja kifua cha mwanamke mbele za watu ni kukosa haya." Maneno haya mawili twataka kuyatia katika mizani ya dini na ya akili.

Kwanza, tuujue ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani walionekana kuwa na maradhi haya, na 670,000 walikufa kwayo. Hapa Kenya, kwa makadirio ya mwaka 2020, walioambiwa kuwa wanayo walikuwa kiasi cha 6,800, na waliokufa walizidi 3,000. Katika nchi zenye mali, wanawake zaidi ya 90 katika kila 100 huishi miaka mitano au zaidi baada ya kuambiwa khabari hiyo. Afrika ya Kusini walikadiriwa kuwa 40 tu. Tofauti kubwa hapa ni wakati: wale hugunduliwa mapema na kutibiwa upesi; wetu wengi hufika hospitali maradhi yamekwisha kuenea.

Je, haya ni mambo ya kigeni? Jina lenyewe, saratani, limetujia kwa Kiarabu. Na yule tabibu mkuu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, katika kitabu chake al-Tasrif alichokitunga kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, alieleza ya kuwa saratani ya titi ikiwa bado ni changa na ndogo yaweza kujaribiwa kukatwa, lakini ikikomaa na kuwa kubwa, yeye hakupata kumponya mtu. Basi mafunzo ya kuwahi si mageni kwetu. Ni mali yetu tuliyoiacha, wengine wakaiokota.

Ama hayo ya haya, tutazame Madina. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema msikitini ili awe karibu naye, na Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, alikuwa akiwauguza majeruhi. Msikiti haukuona aibu kwa mgonjwa, wala mwanamke hakuzuiwa na haya kushika kazi ya tiba. Haya ya dini humzuia mtu na maasi. Haya imzuiayo mwanamke kumwambia mamake au mumewe kuwa ana uvimbe, mpaka ukawa donda, hiyo si haya, bali ni ujinga uliovishwa nguo ya haya.

Yafundishwayo katika mikutano hii ni machache, na kila mtu yampasa kuyajua. Uvimbe mgumu katika titi au kwapani, khasa usiouma. Ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Titi kugeuka umbo lake: haya yote ni ya kupelekwa kwa daktari bila ya kungoja. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hilo hulijua apimaye, si abahatishaye. Maradhi haya hayaambukizi, wala hayaletwi na jicho wala uchawi. Na kuchukuliwa kipande cha nyama kwa kupimwa hakuyaenezi. Hata wanaume huyapata, ingawa hawazidi mmoja katika wagonjwa 100.

Kusoma Qur'ani na kuomba dua ni ibada, wala hakumzuii mtu kwenda hospitali, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alituamuru kutafuta dawa. Lakini amfungiaye mgonjwa hirizi na kumnywesha kombe mwezi baada ya mwezi, akimkataza daktari, huyo ampotezea siku ambazo hazirudi, na atakwenda kuulizwa.

Hata hivyo, kuvaa utepe si kutibu, na matembezi yaishayo kwa picha na soda hayamfai mgonjwa. Mkutano tuutakao ni huu: ufanywe katika madrasa zetu, wanawake wapimwe na wanawake, nyuma ya pazia, na waume nao wafundishwe misikitini, kwa kuwa mara nyingi nauli na ruhusa zi mikononi mwao. Kila aliyeambiwa aende hospitali, aandikiwe jina lake kwa siri, na apate dada wa kumfuata mpaka majibu yatoke. Shirika la Afya Duniani liliweka ya kuwa uchunguzi wote ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa alipokwenda mara ya kwanza. Basi na sisi tuzihisabu siku hizo. Na asiye na nauli atafutiwe katika sadaka zetu, kwani twachanga kwa arusi za siku tatu. Vipi tushindwe kuchanga kwa uhai wa mama?

Ewe ndugu msomaji, usingoje Oktoba. Leo usiku muulize mkeo, mamako na dada yako kama wana jambo wanalolificha. Na wewe dada, ukiwa nalo, sema kesho asubuhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atuondolee ujinga, ambao ni maradhi yaliyo mama wa maradhi mengi. Amin.