SOMO LA ROBO HII: Daktari Huandaliwa Mapema



Katika somo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jinsi parokia inavyoweza kumsaidia kijana anayetaka kusomea udaktari chuo kikuu. Tunaanza na kosa letu wenyewe hapa Mshangano, Manispaa ya Songea.

Binti mmoja aliyefiwa na baba alifaulu kidato cha 6 katika mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Jumuiya zote zilifurahi. Tukamchangia nauli, godoro, sanduku na koti jeupe. Hakuna aliyeuliza habari za cheti cha kifo cha baba yake. Marehemu alifia kijijini, akazikwa, na kifo hakikuandikishwa. Bodi ya Mikopo hutaka cheti hicho kikiwa kimehakikiwa na RITA ili mwombaji atambuliwe kuwa amefiwa na mzazi. Tulipokipata, muda wa maombi ulikuwa umekwisha. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima, akilima na mama yake, huku godoro likiwa limeegemezwa ukutani. Mwaka uliofuata alipata mkopo, akaenda chuoni.

Kutokana na hayo tumejifunza mambo manne.

1. Maandalizi huanza sekondari. Ili kujiunga na shahada ya udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha 6, mwanafunzi anatakiwa kupata angalau D katika kila somo kati ya fizikia, kemia na biolojia. Mtoto anayeacha fizikia mapema kwa kuambiwa ni ngumu amejifungia mlango bila kujua. Fedha kidogo ya vitabu na masomo ya ziada wakati huo yaweza kuzaa kuliko sherehe kubwa ya kumuaga.

2. Vyeti vitafutwe kabla ya matokeo. Cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, vyahitaji muda, nauli na mtu wa kufuatilia. Kazi hii haihitaji msomi. Mwanakamati mmoja mwenye daftari la majina anaiweza.

3. Njia si moja. Ambaye hakufikia alama anaweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka 3, akahudumia wagonjwa, na baadaye kuomba chuo kikuu akiwa na wastani wa B, au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha 4. Tusimwite kijana huyo aliyeshindwa.

4. Gharama ni za miaka mingi. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mkopo wa Bodi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huenda usitoshe mahitaji yote, nao ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo pia ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi, lakini ni wachache wanaoupata. Hivyo mchango mdogo wa kila muhula wafaa kuliko harambee moja.

Tukumbuke kwamba mafunzo ya madaktari nchini yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Makanisa nayo yakaongeza nguvu: chuo cha udaktari cha KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1997, na cha Bugando, Mwanza, mwaka 2003. Vyuo hivyo viko mbali na Songea, lakini vipo. Kazi iliyobaki kwetu ni kuwafikisha vijana mlangoni wakiwa na alama na vyeti mkononi. Wakirudi, hospitali zetu za Songea na Peramiho zinawahitaji.

Maswali ya kujadili katika kamati:

- Je, tunawajua kwa majina wanafunzi wetu wa sayansi kuanzia kidato cha 3?
- Ni wangapi kati yao hawana cheti cha kuzaliwa, au wamefiwa na mzazi ambaye kifo chake hakikuandikishwa?
- Nani atapewa daftari hilo, na atatoa taarifa lini?

Wafadhili wetu, mnapotuma mchango wa elimu, msione ajabu tukiutumia kwa nauli ya kwenda kufuatilia cheti. Tumeona wenyewe kwamba kukosa karatasi moja kulimgharimu binti yetu mwaka mzima.