Kijana Mkimya Anapotoka Makao ya Watoto: Mlezi Afanye Nini?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana aliyelelewa kwenye makao ya watoto hapa Moshi anajua mapema kwamba iko siku atafungasha. Mwenzake wa Kibosho au Marangu akifika umri huo bado ana kihamba, yaani shamba la ukoo, na shangazi wa kumpigia simu usiku. Yeye huenda ana begi na cheti cha kidato cha nne. Aliye mchangamfu atauliza watu na kupata njia. Mwenye haya atashinda na njaa chumbani, na ukimpigia atakujibu, "Niko salama tu, mama."

Kwa hiyo wewe wa usharikani, parokiani au msikitini unayetaka kumlea, usingoje akuombe.

Anza kabla hajatoka, ikiwezekana mwaka mzima kabla. Pitia kwa msimamizi wa makao na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kijana hachukuliwi kienyeji. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala nao unataka kijana aandaliwe mapema na, inapowezekana, apewe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Hakikisha naye anakutaka. Mkimya hukubali kila kitu mbele ya wakubwa, basi mwombe mlezi wa makao aliyemzoea amuulize wakiwa wawili tu.

Kisha shughulikieni karatasi, maana hapo ndipo wengi hukwama: cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA, laini ya simu kwa jina lake. Anayetaka mkopo wa elimu ya juu kama yatima atadaiwa pia vyeti vya vifo vya wazazi, na kuvitafuta huchukua muda. Nenda naye ofisini, lakini usimsemee. Karani akiuliza, "Baba yako anaitwa nani?" huku foleni nzima inasikiliza, kijana wa namna hii anaweza kugeuka na kuondoka. Fanyeni naye mazoezi ya swali hilo nyumbani mpaka jibu litoke bila kutetemeka, hata kama jibu lenyewe ni "simjui." Siku ya safari, simama kando yake na unyamaze.

Mazungumzo usiyalazimishe. Ukimkalisha sebuleni na kumuuliza ana mpango gani na maisha, atatazama sakafu. Mpeleke soko la Mbuyuni mkanunue ndoo, sufuria na jiko. Mwache apatane bei mwenyewe. Njiani, mikono ikiwa na mzigo na macho yakitazama mbele, atakueleza kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, au kwamba anatamani ufundi umeme pale VETA.

Naomba sana, msimsimamishe mbele ya waumini atoe ushuhuda wa uyatima wake ili achangiwe. Mpeni kazi: kupanga viti, kufunga spika za kwaya. Imani nayo isiwe sharti. Yakobo katika waraka wake anahimiza kuwatazama yatima katika dhiki yao. Surat An-Nisaa inawaagiza walezi wawapime yatima hadi wakomae, kisha wawakabidhi mali zao. Kote wajibu umewekwa kwa mkubwa. Akikosa ibada mwezi mzima, endelea kumpigia.

Disemba ni mwezi mgumu kuliko yote. Watu wanapanda milimani kwao, na asiye na kwao anabaki mjini. Mwalike wiki kadhaa kabla, umwambie atalala wapi na atasaidia kazi gani, maana "karibu wakati wowote" kwake ni sawa na kutoalikwa. Kwa familia za Kiislamu, Idd vivyo hivyo.

Na usalama: mkutane mahali pa wazi, msichana alelewe na mwanamke, na viongozi wajue ratiba yenu. Kijana ajue kuwa akidhulumiwa, hata na mlezi wake, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Aliye chini ya miaka 18 apige 116, ni bure.

Ijumaa au Jumapili hii, muulize imamu, padri au mchungaji wako: kwenye makao ya jirani, nani anatoka mwaka huu, na nani ameshajitolea kwenda naye?