Kuisikiliza Tena Santuri ya Mwaka 1960

Siku moja ya soko nilitoka Kasese kwenda Bwera, na katika duka moja nikasikia wimbo niliouzoea tangu utoto, "Indépendance Cha Cha". Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, maneno yake yasema nini?" Niliona haya, maana nilijua kuucheza tu. Basi niliporudi nyumbani niliusikiliza upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, asili yake. Ulitungwa Brussels, Ubelgiji, mapema mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa katika Mkutano wa Meza ya Duara wakidai uhuru. Joseph Kabasele alikuwako na wanamuziki wa African Jazz, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz, bendi iliyoshindana nao huko kwao.

Pili, magitaa. La Dechaud hushika mwendo bila kuchoka. La ndugu yake, Nico Kasanda, hucheza juu yake. Jaribuni kulifuata moja, kisha jingine.

Tatu, maneno. Mengi ni ya Kilingala, nayo yashangilia kwamba uhuru umepatikana. Kisha hutajwa viongozi, wakiwamo Kasavubu, Lumumba, Kalonji na Tshombe, wote pamoja kama watu wa nyumba moja.

Sasa wekeni tarehe kando ya majina hayo. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwezi wa Agosti Kalonji akafanya vivyo hivyo Kasai Kusini. Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu, na 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga.

Jambo hili latuhusu sisi. Kutoka Mpondwe hadi Kasindi ni kuvuka mto tu; Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, na vita vya Kongo vimeleta wakimbizi wengi milangoni petu. Furaha ya wimbo ilikuwa ya kweli, lakini kutajwa pamoja hakukutosha kuwaweka viongozi pamoja.

Nilipokutana tena na kijana yule nilimweleza hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba tuupige tena.

Zoezi: Chagueni wimbo mmoja wa zamani unaopendwa kwenu. Waulizeni wazee ulitungwa lini, nani wametajwa, na yapi yaliwapata baadaye.