Hasira za Foleni ya Dukani

Foleni ya dukani Nyakahanga, wilayani Karagwe, haina mstari. Duka la kawaida lina kaunta moja, pengine na nondo au wavu, na muuzaji mmoja nyuma yake. Wateja husimama kwa upana, si kwa urefu, na zamu hutunzwa kichwani: anayeingia hutupia macho waliomtangulia, akajua yuko nyuma ya nani. Mchana, wateja wakiwa wawili watatu, mpango huo hauna kasoro. Jioni, watu wakitoka shambani na kazini huku ndizi zikiwa zimeshamenywa na chumvi haipo, wateja kumi huingia kwa mpigo, zamu zinachanganyika, na maneno yanaanza.

Barua inayojibiwa wiki hii imeandikwa na dada aliyehamia Nyakahanga kikazi na kupanga chumba. Anaeleza kwamba jioni moja alikuwa nyuma ya bibi wa jirani, bodaboda ikimsubiri nje. Bibi alitaka sukari nusu kilo, mafuta ya kupima, kiberiti na kipande cha sabuni. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akamwaga sarafu juu ya kaunta, akaanza kuzipanga: za mia mia huku, za hamsini kule. Katikati ya hesabu akamwulizia muuzaji hali ya mtoto wake aliyekuwa anaumwa, kisha akaanza kuhesabu upya. Hela haikutimia. Akaomba sukari ipunguzwe iwe robo, na muuzaji akairudisha kwenye mizani. Hapo dada akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Bibi, kama hela huna si ungebaki nyumbani? Wenzako tuna kazi." Duka zima likanyamaza. Bibi aliiacha sukari yote, akachukua vilivyobaki, akatoka. Tangu siku hiyo akiamkiwa shikamoo, haitikii. Mwandishi wa barua anauliza kama mwenye haraka hana haki yoyote, kama kosa lake ni kubwa kiasi hicho, na afanye nini bibi arudi kumwitikia.

Swali la kosa halihitaji maneno mengi. Kumwambia mzee kwamba watu wanachelewa ni jambo moja. Kumtangazia ufukara wake mbele ya majirani ni jambo jingine, na ndilo lililomfanya aache sukari. Swali la haki ya mwenye haraka ni refu zaidi, kwa sababu hasira ya jioni ile haikuletwa na bibi peke yake.

Hesabu za foleni zilianzishwa na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu mpangilio wa simu zinazoingia mwaka 1909. Kilichobainika katika kazi yake na ya waliomfuata ni kwamba urefu wa kungoja hauongezeki polepole kadiri wateja wanavyoongezeka. Hufika mahali ukapaa. Chukua muuzaji mmoja anayemaliza mteja kwa dakika mbili kwa wastani, wateja wakiingia bila ratiba. Akiwa na kazi dakika 48 katika kila saa, kwa hesabu rahisi kabisa ya aina hiyo mteja atangoja dakika 8 kwa wastani kabla ya kuhudumiwa. Wateja wakiongezeka kidogo tu, kazi ikafika dakika 54 kati ya 60, kungoja kunaruka hadi dakika 18. Muuzaji ni yule yule na kasi yake ni ile ile. Kilichotoweka ni zile dakika chache za kupumua ambazo zilikuwa zikimeza ucheleweshaji mdogo mdogo. Kwa hiyo anayehesabu sarafu saa kumi na moja jioni huonekana amelifunga duka, wakati angezihesabu saa nne asubuhi hakuna ambaye angegeuka kumtazama.

Sarafu zenyewe zina sababu zake. Kipato cha kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa hufuata kahawa, na robusta huvunwa katikati ya mwaka. Fedha ya maana huingia kwa msimu. Miezi mingine ni ya hela ndogo ndogo za ndizi, maharage au kibarua. Ndiyo maana sukari hununuliwa kwa robo, mafuta kwa kipimo, na sabuni kwa kipande. Ununuzi wa namna hiyo unamchukua muuzaji muda mrefu kuliko kumpa mtu mfuko uliokwisha fungwa, maana kila kitu lazima kipimwe, kimiminwe, kifungwe na kuhesabiwa. Mwenye mshahara wa mwezi husahau hilo haraka.

Tena kaunta ile ile siku hizi ni ya wakala wa pesa za simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikaingia katika biashara hiyo, maduka mengi ya vijijini yamekuwa ya chumvi upande mmoja na ya kutoa hela upande mwingine, mtu akiwa mmoja. Anayetoa pesa hutajiwa namba ya wakala, huingiza namba ya siri, husubiri ujumbe, mtandao unasumbua, anarudia tena, halafu noti zinahesabiwa mara mbili. Muda huo mara nyingi unazidi wa bibi na sarafu zake. Hata hivyo ni nadra kusikia mtu akimkaripia anayetoa laki mbili. Watu hungoja kwa heshima, wengine hata hujisogeza asibanwe. Dada wa barua angejiuliza kama angesema vile kwa mtu wa namna hiyo, angeona kwamba haraka haikuwa sababu pekee.

David Maister, aliyeandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya kungoja, alieleza kwamba muda wa kungoja hupimwa na mtu kwa namna isiyolingana na saa. Kungoja bila shughuli huonekana kurefu kuliko kungoja ukiwa na la kufanya. Kusikojulikana mwisho wake ni kurefu kuliko kulikotajiwa mwisho. Kusikoelezwa sababu ni kurefu kuliko kulikoelezwa, na kunakoonekana kuwa na upendeleo ni kurefu kuliko kunakofuata haki. Duka lenye zamu za kichwani lina kasoro hizo zote kwa pamoja. Hakuna ajuaye amebakiza wangapi. Mteja mrefu hunyoosha mkono juu ya vichwa na kupewa vocha. Mtoto aliyetumwa kiberiti husukumwa nyuma mpaka giza linaingia, kwa kuwa hana sauti, na mama yake humgombeza kwa kuchelewa. Mteja mwenye mkopo kwenye daftari la madeni hungojeshwa kimya kimya hadi wenye fedha taslimu waishe. Hasira hukusanyika kutoka sehemu zote hizo, kisha humwangukia aliye karibu na asiyeweza kujibu.

Si kwamba watu wa Nyakahanga hawajui foleni. Bombani ndoo hupangwa moja nyuma ya nyingine, mwenye ndoo akaenda zake kivulini na kurudi akaikuta mahali pake. Kwenye mashine ya kusaga viroba hufuatana vivyo hivyo, na anayethubutu kusogeza kiroba cha mwenziwe husikia la kumtosha. Tofauti ni kwamba huko zamu imeshikwa na kitu kinachoonekana. Bibi wa barua, kwa umri wake, huenda anazijua foleni kuliko mwandishi wa barua. Watu wa rika lake walishuhudia maduka binafsi yakifungwa katika Operesheni Maduka ya 1976, mkoa wa Kagera ungali unaitwa Ziwa Magharibi. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kisha miaka ya uhaba ambapo sukari, sabuni na nguo vilipangiwa foleni nchini kote, mpaka biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984. Aliyewahi kusimama kutwa akiisubiri kilo ya sukari na kuambiwa imekwisha hapotezi muda anapozihesabu hela zake mara mbili.

Haki ya mwenye haraka ipo, nayo ni ya kuomba. Ellen Langer na wenzake walichapisha mwaka 1978 jaribio lililofanywa New York, ambapo mtu aliwaomba waliokuwa wakitumia mashine ya kutoa nakala wampishe. Akiomba kurasa tano bila kutoa sababu alikubaliwa na asilimia 60. Akitaja kwamba ana haraka, asilimia 94. Hata sababu isiyo na maana, ya kwamba anataka kutoa nakala, ilifanya kazi karibu sawasawa na hiyo. Alipotaka kurasa nyingi, sababu tupu haikumsaidia tena. Kwa kaunta ya Nyakahanga maneno yanayofaa yangekuwa haya: "Shikamoo bibi. Naomba nichukue chumvi tu wakati unahesabu, bodaboda inanisubiri." Bibi akikubali, hakuna aliyepoteza kitu, kwa kuwa muuzaji alikuwa amesimama bure akitazama sarafu zikipangwa. Anayehitaji vitu vinane hana sababu ya kuomba hivyo; huyo amuage bodaboda au arudi baadaye.

Kupisha nako kuna utaratibu, na hapa wema wengi hupotea njia. Mteja anayemruhusu mwingine asimame mbele yake hutoa zamu yake, lakini hutoa pia nafasi ya kila aliye nyuma, na hao hawakuulizwa. Stanley Milgram na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, waliwatuma watu wakachomekee kwenye foleni 129 mjini New York. Waliolalamika zaidi walikuwa wale waliosimama nyuma ya mchomekeaji, ambao ndio waliolipa gharama. Njia iliyonyooka ni kubadilishana: anayepisha huhamia mahali pa aliyepishwa. Asipotaka kuhama, awageukie walio nyuma na kuwauliza, na kwa mzee, mjamzito au mtu mwenye mtoto mgongoni jibu karibu kila mara ni ndiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na maandishi ya kutaka wazee wapishwe yamezoeleka katika vituo vya afya. Dukani hakuna tangazo la namna hiyo. Muuzaji ndiye tangazo.

Muuzaji ndiye mwenye foleni, na lawama nyingi zinazowaangukia wateja zilipaswa zimfikie yeye. Kauli moja kama "baada ya bibi ni kaka mwenye koti, kisha wewe mtoto" huondoa nusu ya manung'uniko. Chenji huandaliwa asubuhi. Sukari ya robo na nusu hupimwa na kufungwa mchana duka likiwa tupu. Kazi ya uwakala, ikiwezekana, hupewa mtu wa pili kwa saa mbili za jioni. Bei zikiandikwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa ukutani, mwenye hela chache hupanga hesabu yake kabla ya kufika kaunta na hahitaji kurudisha kitu mbele ya watu.

Maongezi ya bibi kuhusu mtoto mgonjwa yanastahili kuachwa kama yalivyo. Uholanzi, kampuni ya maduka ya Jumbo ilifungua mwaka 2019 katika mji wa Vlijmen kaunta ya malipo ya watu wasio na haraka wanaopenda kuongea, kwa ajili ya upweke wa wazee hasa, na baadaye ikaeneza kaunta hizo katika maduka yake mengine. Nyakahanga huduma hiyo inatolewa bila kuanzishwa na mtu.

Kuhusu kupungukiwa, mteja mwenye uwezo anaweza kujaza, ila kwa sauti ya chini na kupitia kwa muuzaji. Kutupa noti kaunta na kusema "mwongezeeni huyo" ni tangazo lile lile kwa maneno mazuri.

Linabaki suala la kuomba radhi. Tusi lilitolewa hadharani, lakini msamaha hauanzii dukani, kwani hapo bibi angelazimika kujibu mbele ya mashahidi wale wale. Mdogo ndiye anayekwenda kwa mkubwa: mwandishi wa barua aende nyumbani kwa bibi, mchana, akiwa na mama mwenye nyumba wake au mtu mzima mwingine anayeheshimika hapo. Huyo mtu mzima ndiye atangulize neno. Maombi yenyewe yawe mafupi: alisema nini, alikosea, anaomba asamehewe. Bodaboda isitajwe, wala uchovu wa kazini, wala neno "lakini", kwa sababu hapo radhi hugeuka kuwa utetezi. Zawadi si lazima. Ikipelekwa, isiwe sukari. Mkungu wa ndizi au samaki utaeleweka bila kukumbusha kilichoachwa kwenye mizani.

Bibi huenda akaitikia siku hiyo hiyo, huenda akanyamaza na kuwaelekeza wageni mahali pa kukaa, jambo ambalo nalo ni jibu. Akikataa kabisa, shikamoo iendelee kila wanapokutana, kwa sauti ya kawaida, bila kusimama kungojea marahaba. Yule mtu mzima anaweza kurudi peke yake mara moja baada ya wiki kadhaa. Akitumwa tena na tena, majirani wataligeuza jambo hilo kuwa shauri, na bibi atalazimika kuwa na upande. Muuzaji naye aambiwe kwamba radhi imeombwa, kwa kuwa yeye alikuwepo, na wateja wengine watamwuliza yeye kwanza.