Panya wa Dukani Siyo Samaki Nchanga

Wenzangu wa Mtwara mnajua tayari, ila kwa watu wa Kagera na Arusha inabidi nieleze: kwetu Newala na Masasi panya wa porini ni kitoweo. Tunamwita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Huwindwa kiangazi, mashamba yakishavunwa, akabanikwa. Mnaotaka kucheka chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Nimeanza na hilo kwa sababu ukimuuliza mtu yeyote namna ya kuzuia panya, jibu la kwanza ni sumu. Kwetu hapo ndipo penye hatari.

Likizo iliyopita nilikuwa namsaidia shangazi dukani kwake Newala mjini. Duka dogo tu: unga, mchele, sabuni, dagaa. Panya walitoboa gunia la mchele, naye akanunua sumu kwa mchuuzi wa kupita, vipakiti visivyo na lebo. Kesho yake jioni nikamkuta binamu yangu wa miaka tisa na rafiki yake wamewasha moto uani. Kwenye kijiti kuna panya.

"Huyo mmemtoa wapi?" shangazi akauliza.

"Nyuma ya duka. Wala hakukimbia."

Shangazi alikipiga teke kile kijiti kabla mimi sijaelewa kitu. Panya asiyekimbia!

Sumu za panya haziko za aina moja. Fosfaidi ya zinki ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi inayoua haraka, na haina dawa ya kuitengua. Zile zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa; katikati hapo panya anatembea na sumu ndani ya ini lake, na moto wa kubanikia hauiondoi. Aliyekula hii ya pili anaweza kutibiwa kwa vitamini K. Sasa kama kipakiti hakina lebo, daktari ataanzia wapi? Na paka wa jirani je?

Basi tukaanza upya, na tulianza na matundu. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye upenyo wa kuingiza penseli, milimita 6 hivi. Tulizunguka na tochi usiku tukifuata alama: kinyesi kibichi kinachong'aa, na michirizi ya mafuta meusi ukutani pale anapojisugua akipita kila siku. Njia yake haibadiliki ovyo. Wengi walikuwa wanaingia juu, pale ukuta usipofika kwenye bati. Wengine chini ya mlango. Tundu la ukutani tulilijaza waya wa kusugulia masufuria, kisha saruji juu yake. Matambara na udongo mtupu atavitafuna tu, meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Kwenye matundu ya hewa usiweke wavu wa kuku. Nilifanya kosa hilo mwenyewe, wadogo wakapita kama wamefunguliwa mlango.

Halafu chakula na maji. Magunia yakapanda juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, ili mtu aweze kufagia na kuona nyuma yake. Dagaa wakaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Na juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kukinga mvua na kuhifadhi, ndoo iliyo wazi usiku ndiyo kisima cha panya. Anakunywa na kukojoa humohumo.

Huko Masasi bibi yangu hahitaji somo langu. Kihenge chake kimesimama juu ya miguu ya karibu mita moja, kila mguu umevishwa koni ya bati la debe iliyoelekea chini. Panya anapanda, anafika kwenye bati, anateleza.

Waliobaki ndani tuliwatega. Mtego ukae kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hapendi kukatisha katikati ya chumba. Yule mkubwa hukiogopa kitu kigeni, kwa hiyo tuliacha mitego siku tatu ina karanga bila kuitegua chemchemi. Usiku wa nne tukaitega: saba kwa mpigo! Tuliwashika kwa mfuko wa plastiki mkononi, tukawafukia. Kinyesi tulikilowanisha kwa maji yenye dawa kabla ya kukifuta, maana ukifagia kikavu unavuta vumbi lake.

Binamu yangu sasa ana sheria aliyojitungia: samaki nchanga ni yule aliyemfukua mwenyewe shambani, akiwa anakimbia. Shangazi ameikubali, kwa shingo upande. Kilichobaki ni mlango wa nyuma wa duka, umeoza chini na ngumi ya mtoto inapita. Tumepigilia kipande cha bati kwa muda. Mbao mpya inasubiri hela ya korosho.