Somo la Sita: Kabla ya Kununua Kombe Adimu la Baharini

Lengo la somo: Kumwezesha mlaji kupima madai ya muuzaji wa makombe na kutambua masharti ya sheria kabla ya kutoa fedha yake.

Mfano
Mkazi wa Mbagala anaonyeshwa kauri inayong'aa. Muuzaji anadai kuwa imetoka kilindini na kwamba bei yake haitashuka kamwe. Anataka shilingi 400,000. Je, mkazi huyu alipe?

1. Uadimu si wa kudumu
Zamani kauri ya Fulton ilipatikana hasa matumboni mwa samaki waliovuliwa Afrika Kusini. Nyavu za kukokota zilipoiibua kwa wingi katika maji ya Msumbiji, thamani yake ilianguka. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kombe liitwalo Conus gloriamaris: mwaka 1969 wazamiaji waliyakuta mengi karibu na Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon. Anayeweka ada ya shule ya watoto katika kombe anaiweka mashakani.

2. Kagua kabla ya kulipa
Lipeleke kombe kwenye mwanga wa jua. Ukingo wa mdomo uliosuguliwa kwa tupa huwa bapa kupita kiasi. Tobo lililozibwa kwa gundi na rangi huonekana kwa kioo cha kukuzia. Lifute kwa kitambaa cheupe: mng'ao wa mafuta hubaki kitambaani, mng'ao wa asili hubaki kwenye kombe.

3. Dai maandishi
Kombe la mkusanyaji huambatana na karatasi yenye jina la kisayansi, mahali, kina, tarehe na njia lilivyopatikana. Pasipo karatasi hiyo, neno "kilindi" ni dai tupu. Dai pia risiti yenye maelezo hayohayo. Ndiyo ushahidi wako ukilalamika.

4. Zingatia sheria
Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, mbele ya pwani ya Kinondoni, vimo katika maeneo tengefu ya bahari. Usinunue kilichookotwa huko. Makombe makubwa ya jamii ya Tridacna yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na hayavuki mpaka bila kibali. Kabla ya kumtumia ndugu aliye ng'ambo kombe lolote, ulizia kwanza Idara ya Uvuvi.

Tahadhari: Usishike kombe la umbo la pia ambalo mnyama wake yu hai. Conus geographus, anayeishi katika Bahari ya Hindi, ana sumu inayoweza kuua, na dawa ya kuiondoa haijapatikana.

Jibu la mfano
Asilipe. Hakuna karatasi, kombe halijakaguliwa, na ahadi ya bei isiyoshuka haina msingi. Akilipenda kwa uzuri wake, alinunue kwa bei ya pambo.

Zoezi
Andika maswali matatu utakayomuuliza muuzaji kabla ya kufungua pochi.