AHADI NI DENI: WAKREE, KANISA NA SHULE

Masomo ya kusoma kwanza: Zaburi 15; Matendo 2:1-11; Mathayo 5:23-24



Somo letu la mara hii latupeleka mbali, katika nchi ya Kanada, kwa watu waitwao Wakree. Huenda wengi wetu hatujapata kusikia habari zao. Lakini wengi wao ni Waanglikana kama sisi, na chama cha CMS kilichofanya kazi kwao ndicho kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844. Katika historia yao mna kazi njema ya Injili, mna ahadi iliyotolewa kwa kiapo, na mna kosa kubwa ambalo Kanisa lilishiriki. Yatupasa tuyajue yote matatu, maana Kanisa lisilokumbuka makosa yake huyarudia.

1. Watu na nchi yao

Wakree ni mojawapo ya makabila makubwa ya wenyeji wa Kanada. Nchi yao yaanzia misitu ya mashariki kando ya Ghuba ya James na kufika nyika za magharibi karibu na milima ya Rocky. Wa misituni waliishi kwa kuwinda, kutega na kuvua samaki. Wa nyikani walifuata makundi makubwa ya nyati, wakapata kwao chakula, mavazi na ngozi za mahema.

Mwaka 1670 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliipa Kampuni ya Hudson's Bay haki ya biashara katika nchi hiyo kubwa. Wakree hawakuulizwa. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 200 kampuni iliwahitaji, kwa sababu wao ndio waliotega wanyama wenye manyoya na kuleta ngozi zao. Biashara ilikuwa ya pande mbili, na Wakree walibaki wenye nchi yao.

2. Injili kwa lugha yao

Mwaka 1820 alifika kasisi Mwanglikana, John West. Alikuwa kasisi wa kampuni, na CMS ilimsaidia kuanzisha shule ya watoto wa wenyeji katika makao ya Red River. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa mtoto wa Kikree aliyefiwa na baba. West alimbatiza mwaka 1822 na kumwita Henry Budd, jina la kasisi mmoja wa Uingereza.

Mwaka 1840 Budd alitumwa mahali paitwapo The Pas, akiwa mwalimu tu. Akajenga, akalima, akafundisha watoto na wakubwa kwa lugha yao. Kasisi alipofika huko mwaka 1842 alikuta watu wengi wamekwisha kutayarishwa kwa ubatizo. Mwaka 1850 Budd akawekewa mikono kuwa shemasi, na mwaka 1853 kuwa kasisi. Ndiye mwenyeji wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini kuwekewa mikono katika Kanisa Anglikana. Alitumika hata kufa kwake mwaka 1875, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa wamisionari Wazungu.

Jambo jingine kubwa ni maandishi. Mwaka 1840, huko Norway House, mmisionari wa Kimethodisti aitwaye James Evans alitoa maandishi ya silabi kwa ajili ya Kikree. Kila alama ni silabi moja, na alama ikigeuzwa upande, irabu hubadilika. Wako Wakree wasemao kwamba maandishi hayo yalikuja kwanza kwa mzee wao mmoja katika maono. Lililo hakika ni kwamba yalienea upesi sana, na waliofundishana walikuwa Wakree wenyewe, nyumba kwa nyumba na kambi kwa kambi. Biblia nzima ya Kikree ilitolewa mwaka 1861 na 1862. Kule Moose Factory, John Horden wa CMS, aliyefika mwaka 1851 na kuwa Askofu wa kwanza wa Moosonee mwaka 1872, alitumia maisha yake kutafsiri vitabu vya sala, nyimbo na Agano Jipya.

Basi tukumbuke mwanzo huu. Mungu alisema na Wakree kwa Kikree, kama siku ya Pentekoste kila mtu aliposikia kwa lugha yake mwenyewe.

3. Mkataba wa mwaka 1876

Mwaka 1870 kampuni iliikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Kanada, nayo ikapata paundi 300,000. Wakree hawakuulizwa tena. Mwaka huo huo ndui iliua watu wengi nyikani, na nyati walikuwa wakipungua kila mwaka. Wazee wakaona kwamba maisha ya zamani yanakwisha, na kwamba watoto wao watahitaji jembe na kitabu. Chifu Ahtahkakoop alikuwa amekwisha kumkaribisha mmisionari wa CMS, John Hines, aje afundishe watu wake, hata kabla ya mkataba.

Mwezi wa Agosti 1876 machifu walikutana na Luteni Gavana Alexander Morris huko Fort Carlton. Kiko kitakatifu kilipitishwa, na kwa Wakree jambo hilo ni sawa na kuapa mbele za Mungu. Mmoja wa wakalimani wa serikali alikuwa kasisi Mwanglikana, John McKay. Si wote waliokubali upesi. Kijana mmoja aitwaye Poundmaker alisimama akasema kwamba nchi ni yao wenyewe, wala si kipande cha nyama cha kukatwakatwa na kurudishiwa wenyewe kidogo kidogo. Lakini wakubwa, Mistawasis na Ahtahkakoop, waliwafikiria watoto, wakatia sahihi. Huo ndio Mkataba wa Sita.

Serikali iliahidi nini? Iliahidi kutenga ardhi kwa kila ukoo, maili moja ya mraba kwa kila jamaa ya watu watano. Iliahidi dola 12 kwa kila mtu mara ya kwanza, kisha dola 5 kila mwaka. Dola 5 hizo hulipwa hata leo, wala hazijaongezwa. Iliahidi majembe, mbegu na ng'ombe. Msaada wakati wa njaa na tauni. Na sanduku la dawa. Tena iliahidi shule.

Ndugu msomaji, tazama vizuri ahadi hiyo ya shule. Mkataba ulisema shule zitakuwa ndani ya maeneo ya Wakree, wakati wenyewe watakapozitaka. Maana yake, mtoto atasoma karibu na mama yake, na mzazi atakuwa na neno katika jambo hilo. Wakree hawakuikataa elimu. Waliiomba, wakaiweka ndani ya mkataba.

4. Ahadi ilivyovunjwa

Baada ya miaka michache nyati walikwisha, na njaa ikaingia. Chakula cha msaada kilitolewa kidogo, tena mara nyingine kilizuiliwa ili kuwalazimisha watu kutii. Mwaka 1885 kulitokea vita. Wanaume 8 walinyongwa Battleford mwezi wa Novemba, na Poundmaker, aliyejaribu kuzuia damu isimwagike, alifungwa gerezani. Serikali ya Kanada ilimtangaza kuwa hana hatia mwaka 2019. Baada ya vita hiyo, Mkree hakuweza kutoka katika eneo lake pasipo cheti cha ofisa wa serikali, ingawa hapakuwa na sheria iliyosema hivyo.

Na shule je? Serikali ilichagua njia nyingine. Badala ya kutegemea shule za vijijini, ilijenga shule za bweni mbali na nyumbani, ikayakabidhi makanisa kuziendesha. Makanisa hayo yalikuwa Katoliki, Anglikana, Methodisti na Presbiteri. Shule ya Battleford, iliyofunguliwa mwaka 1883, iliongozwa na kasisi Mwanglikana. Kusudi lilisemwa waziwazi: kumtenga mtoto na wazazi wake ili asahau mila na lugha yao. Mwaka 1920 sheria ilimpa ofisa uwezo wa kuwalazimisha wazazi watoe watoto wao.

Fedha zilitolewa kwa hesabu ya watoto. Shule yenye watoto wengi ilipata fedha nyingi, kwa hiyo hata wagonjwa walipokelewa. Nusu ya siku watoto walisoma, na nusu ya siku walifua, walilima na kupasua kuni. Chakula kilikuwa hafifu, na vyumba vya kulala vilisongamana. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alichunguza shule za nyikani. Katika zile zilizotoa hesabu, karibu robo ya watoto waliopita humo walikuwa wamekufa, wengi kwa kifua kikuu. Taarifa yake haikufuatwa. Watoto wengi walipigwa kwa kusema lugha yao, na wengine walitendewa maovu ambayo si ya kusimuliwa mbele ya watoto.

Hapa ndipo penye uchungu wa historia hii. Kanisa lililochapa Biblia kwa Kikree ndilo lililomwadhibu mtoto kwa kusema Kikree. Liliacha kazi ya Pentekoste likashika kazi ya serikali.

Watoto zaidi ya 150,000 wa makabila yote ya wenyeji wa Kanada walipita katika shule hizo. Majina ya waliokufa yaliyokwisha kupatikana yazidi 4,000. Kanisa Anglikana liliendesha zaidi ya shule 30, likaacha kazi hiyo mwaka 1969. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

5. Waliosimama imara

Isidhaniwe kwamba Wakree walikaa kimya. Edward Ahenakew, aliyezaliwa mwaka 1885 katika eneo la Ahtahkakoop, alikuwa kasisi Mwanglikana. Aliandika hadithi za wazee ili zisipotee, akasaidia kutayarisha kamusi ya Kikree iliyotolewa mwaka 1938, akaandika pia juu ya madhara ya shule za bweni. Hakuona shida kuwa Mkristo na Mkree pamoja.

Mwaka 1970, huko Blue Quills katika jimbo la Alberta, wazazi walisikia kwamba shule ya bweni iliyokuwa ya Wakatoliki itafungwa na watoto wapelekwe mjini. Waliingia wakakaa ndani ya jengo hilo, wakakataa kutoka mpaka serikali ikubali waiendeshe wenyewe. Serikali ikakubali. Leo Blue Quills ni chuo kikuu. Nao Wakree wa Quebec, kwa mapatano ya mwaka 1975, walipata bodi yao ya shule, ambako watoto hufundishwa Kikree. Hivyo ahadi ya mwaka 1876, shule katika nchi yao na kwa mapenzi yao, ilianza kutimizwa baada ya karne moja, na walioitimiza ni wenye haki wenyewe.

6. Kanisa laungama

Tarehe 6 Agosti 1993, katika mkutano wa Waanglikana wenyeji huko Minaki, Askofu Mkuu Michael Peers aliungama mbele yao kosa la Kanisa na kuomba radhi. Waziri Mkuu wa Kanada aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2008. Tume ya Ukweli na Upatanisho ilisikiliza maelfu ya mashahidi, na mwaka 2015 ikatoa mambo 94 ya kufanywa. Mwaka 2022 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alikwenda mwenyewe kwa Wakree wa James Smith, akawasikiliza waliosoma katika shule hizo, akaomba radhi.

Wakree wengi hawakuliacha Kanisa. Mwaka 1989 Charles Arthurson, Mkree, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwenyeji katika Kanisa Anglikana la Kanada. Mwaka 2022 Chris Harper, Mkree wa Onion Lake, aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Waanglikana wenyeji wa nchi nzima.

7. Tujifunze nini?

Kwanza, ahadi ni deni. Zaburi ya 15 yamsifu mtu ashikaye kiapo chake hata kikimtia hasara. Ahadi iliyotolewa kwa mnyonge haipungui uzito kwa sababu yeye hana nguvu ya kuidai.

Pili, nia njema haitoshi. Wengi waliofundisha katika shule zile walidhani wanawasaidia watoto. Lakini hawakuwauliza wazazi. Amtakiaye mtoto mema huanza kwa kuwaheshimu waliomzaa.

Tatu, Kanisa lijihadhari linapokuwa mkono wa serikali. Fedha zikitoka kwa mkubwa, ni vigumu kumwambia mkubwa kwamba amekosa.

Nne, kuomba radhi ni mwanzo wa kulipa, si mwisho. Bwana wetu alituagiza kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana kwanza na ndugu yetu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Mtaani petu, ni ahadi gani Kanisa limetoa kwa watu nayo haijatimizwa?
2. Watoto wetu wajua lugha ya nyumbani? Kama hawaijui, ni nani aliyewanyima?
3. Tunapopanga jambo la kuwasaidia wengine, twawauliza wenyewe kabla ya kuanza, au baadaye?
4. Kwa nini ni vigumu kwa Kanisa kuungama kosa lake hadharani?

Tuombe

Ee Mungu, uliyetuumba tukiwa na lugha nyingi, twakushukuru kwa ajili ya watumishi wako Henry Budd na Edward Ahenakew. Uwafariji wote walionyang'anywa watoto wao, na wote waliokuwa watoto hao. Utufundishe kushika ahadi zetu, na kuungama tulipokosa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.